Gunia Lililoshuka Mguuni

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na diploma yangu juu yake, kwamba dereva wa lori akibeba gunia mgongoni, uzito wa gunia lile haumtoki anapolitua. Gunia linabaki chini, uzito unabaki ndani yake. Kisha unaanza safari. Unatoka shingoni, unateremka mgongoni, unalala kiunoni kama mgeni asiye na haraka, unapita gotini, na mwisho wa yote unafika katika mguu wa kulia na kufanya makao humo. Na mguu wa kulia wa dereva kazi yake inajulikana: ndio unaokanyaga mafuta. Ukishakuwa mzito, mafuta yanajikanyaga yenyewe, gari linakwenda linakotaka, na dereva anakuwa abiria kama wengine.

Usinicheke mapema. Habari hii niliipata siku yangu ya kwanza ya udereva, tena kutoka kwa mtu aliyeyajua magunia kuliko yeyote kati ya bandari ya Kalundu na Kamanyola: kapita wa wabebaji wa depo yetu. Kapita ndiye anayewaongoza wabebaji, anayeanzisha wimbo wakipakia, na anayegombana na dunia nzima kwa niaba yao. Wa kwetu alikuwa na sauti ya kuamsha viboko wote wa Ruzizi, na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likichemsha ziwa mpaka ndagala wakaiva humo humo majini.

Nilikuwa nimetoka kwenye pikipiki. Nilikuwa motari mjini Uvira, nikibeba mama, watoto wake, godoro na mbuzi katika safari moja, na mbuzi ndiye aliyekaa vizuri kuliko wote. Jioni, pikipiki ikipoa, nilikwenda shule ya watu wazima, nikakaa kwenye benchi na mababu waliokuja na miwani ya wake zao. Nilipopata diploma, na baada yake leseni ya lori, mwenye depo akanipa funguo za lori la buluu. Sijui kama askofu anajisikia hivyo akikalishwa kitini kwake, lakini nadhani ananikaribia.

Basi siku ile ya kwanza, Kalundu, simenti ilikuwa imeshushwa kutoka melini, nami kwa furaha nikaruka chini kutoka lorini, nikakumbatia mfuko mmoja. Sikuunyanyua hata kufika gotini.

"Weye! Weka chini! Unataka kuua bantu?" Kapita alikuwa ameshanifikia, amenipokonya mfuko kama anayempokonya mtoto kisu.

"Minye nasaidia tu, kapita."

"Unasaidia kifo. Shofere habebi! Hawakukufundisha?"

Ndipo akanieleza, mbele ya wabebaji wake wote, safari ya uzito kutoka shingoni hadi mguuni. Wabebaji walitikisa vichwa kwa huzuni kubwa. Mmoja akataja shofere wa zamani aliyebeba mahindi ya shangazi yake na kwenda kusimama ndani ya ziwa, lori na yote, akiwa bado anakanyaga mafuta.

Mimi ni msomi, nikauliza swali la msomi. "Na nyinyi munaobeba kila siku?"

"Siye tunatembea," akasema kapita bila kufikiri hata kidogo. "Tukitembea, uzito unatokea ku nyayo, unaingia mu udongo. Shofere iko anakaa. Sasa kwake utatokea wapi?"

Lile "utatokea wapi" ndilo lililonimaliza. Mpaka leo nikiliangalia naona lilikuwa swali zuri. Tena mwalimu wetu wa fizikia wa shule ya jioni alikuwa ametufundisha kwamba kila kitu duniani kinavutwa kuelekea chini. Hakutaja madereva, lakini niliona wazi kwamba alikuwa anawafikiria.

Tangu hapo sikubeba kitu. Lori likipakiwa nilikaa kivulini chini yake na mwenzangu wa lori jeupe, mzee aliyeanza kuendesha kabla barabara hazijajua zinakwenda wapi, tukacheza dama, kete zetu zikiwa vizibo vya bia. Nyumbani hata ndoo ya maji niliitazama kwa mbali. Mke wangu aliniambia kwamba katika magonjwa yote aliyoyasikia, hakuna uliompata mtu akaupenda kama huu.

Halafu akaja Madamu.

Mwenye depo alimtoa Bukavu awe msimamizi wetu. Alikuwa mdogo kwa umri, mwepesi wa miguu, mwenye tabia moja mbaya sana kwa kiongozi: alikuwa anaona. Siku za kwanza alizunguka tu depo, akatazama lori likifika asubuhi, likingoja zamu, likipakiwa polepole, likiondoka jua likiwa utosini. Na chini ya lori akatuona sisi na vizibo vyetu.

Asubuhi moja akatuita wote uwanjani, madereva mbele, wabebaji nyuma.

"Bapapa bashofere," akaanza kwa heshima, na heshima yenyewe ikanitisha. "Mkataba yenu inaanza asubuhi mpaka jioni. Lori ikisimama, mkataba haisimame. Kuanzia leo, shofere akingoja, anabeba."

Mzee wa lori jeupe alijikohoza. "Madamu, minye nilisaini kuendesha. Kama nilitaka kubeba, ningesaini kubeba."

"Papa, ulisaini kazi. Sasa iko nini mu mkono yako?"

Mzee akafungua kiganja. Kulikuwa na kizibo cha bia, kile cha kifalme, tunachokipindua juu. Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka, maana hakuwa na namna.

"Lakini Madamu," akasema, "kungoja nayo ni kazi. Dereva anapongoja anajitayarisha."

"Kujitayarisha kulala?"

"Kulala ni sehemu yake."

Madamu hakukasirika. Alisema tu kwamba mikono ya madereva ikiingia kazini, hatakuwa na haja ya kuita wabebaji wengi kila asubuhi. Nusu yao itatosha. Aliposema hivyo nikamtazama kapita, nikitegemea ile sauti ya viboko. Badala yake alivua kofia ya sufu, akaikunja, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake, kilikuwa na upara kama sahani.

Hapo niliona ni zamu ya elimu. Nikaokota mkaa, nikaenda kwenye ukuta mweupe wa depo, nikachora mtu mwenye gunia. Nikachora mishale: shingoni, mgongoni, kiunoni, gotini, na mwisho mshale mnene kabisa katika mguu wa kulia. Nikaeleza kwa Kifaransa cha shule ya jioni na kwa Kiswahili cha barabarani. Nilizungumza vizuri sana. Naamini hata kuku wa jirani walisimama kusikiliza.

Madamu alikaribia ukuta, akatazama mchoro kwa muda.

"Na mguu ya kushoto, juu ya nini haina mshale?"

"Huo ni wa ambreyaji, Madamu, wa kubadilishia gia. Unafanya kazi kidogo kidogo, uzito hauupendi."

Wabebaji wakatikisa vichwa, kwa huzuni ile ile ya Kalundu. Madamu akageuka, akanyoosha mkono wake wazi mbele yangu.

"Bon. Papa ile haiko na nguvu ya kubeba, anipatie funguo. Kuko bamotari wengi Uvira banaota lori ya buluu."

Nilikuwa mmoja wao zamani. Najua jinsi wanavyoota. Nikaziminya funguo mfukoni mpaka zikaacha alama kwenye paja. Kisha nikaenda kubeba.

Nilibeba simenti asubuhi nzima. Kwa hesabu yangu nilibeba mifuko ya kujenga kanisa, nyumba ya padri, na choo cha nyumba ya padri. Wabebaji walinipisha njia kwa adabu kama wanavyopisha maiti. Mchana nikapanda kitini, kwenda Bwegera kuchukua mchele. Na hapo, kabla hata ya kuwasha gari, nikaupata ushahidi: paja langu la kulia lilikuwa linatetemeka. Uzito ulikuwa umefika juu ya goti.

Nikafanya lile ambalo dereva mwenye akili angefanya. Nikavua kiatu cha kulia ili kupunguza mzigo, na nikayakanyaga mafuta kwa ukucha tu wa kidole gumba.

Kutoka Kavimvira hadi Sange nilipitwa na kila kiumbe cha Mungu. Nilipitwa na baiskeli za makaa. Nilipitwa na mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli ya makaa. Mbuzi mmoja alitembea kando ya dirisha langu kwa muda mrefu, akanitazama kwa huruma, kisha akaongeza mwendo. Kwaya ya akina mama wa parokia, wakienda kwa miguu na vitenge vyao vya sare, ilinipita beti kwa beti: nilisikia ubeti wa kwanza nyuma ya lori, wa pili dirishani, na kiitikio kikanipotelea mbele kwenye vumbi.

Bwegera nilifika mama wa mchele wameshafunga turubai zao na kwenda nyumbani. Nikarudi Uvira na lori tupu, kwa mwendo ule ule.

Nyumbani nikalala chali sakafuni na kuegemeza miguu ukutani. Mke wangu alikuwa anasonga bugali. Akanitazama, akaendelea kusonga.

"Sasa unafanya nini, baba watoto?"

"Narudisha uzito juu."

"Juu wapi?"

"Kiunoni. Ukirudi kiunoni nitapata nafuu."

"Na ukipitiliza ukafika kichwani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikashusha miguu kidogo.

"Usiogope," akasema. "Kichwani kwako nafasi iko."

Ikawa hivyo kila siku: asubuhi kubeba, mchana kutambaa. Mzee wa lori jeupe naye alibeba, lakini alibeba kwa namna yake. Alikuwa akiukumbatia mfuko mmoja na kuzunguka nao depo nzima, akisalimia watu. Mimi sikuweza, nikibeba nabeba. Na mchele ukazidi kuchelewa. Wateja wa Madamu walikuja na mifuko yao mitupu, wakarudi na mifuko yao mitupu, na walichokisema njiani sikiandiki.

Madamu akaniita.

"Papa, kwenda Bwegera na kurudi, pikipiki inaweza kufanya mara ngapi wakati weye uko unafanya mara moja?"

"Nyingi, Madamu."

"Unapita wapi? Unabeba bantu njiani? Unalala?"

"Minye naendesha, Madamu. Ni mguu."

Alifumba macho kama anayesali. "Kesho nitapanda na weye. Nikikuta kitu, jioni funguo zitalala kwangu."

Kesho yake nikabeba tangu asubuhi kama kawaida, nikiwa najua kwamba huenda nazibeba siku zangu za mwisho. Mchana tukaondoka. Madamu alikaa karibu yangu na mkoba wake mapajani. Kapita na wabebaji wawili walikaa nyuma, juu ya karoseri ya mizigo, kwa ajili ya kupakia mchele. Nikavua kiatu. Madamu akakitazama kiatu, kisha akanitazama. Tulipopitwa na baiskeli ya kwanza, akaangalia saa. Tulipopitwa na bata, akaacha kuangalia.

"Papa, kanyaga mafuta."

"Naogopa kuukaribisha, Madamu."

"Kukaribisha nani?"

"Uzito."

"Kanyaga!"

Nikayakanyaga. Mungu ni shahidi, nikayakanyaga kama mtu wa kawaida, na kwa muda mfupi lori la buluu likakimbia, upepo ukaingia, mashamba ya mpunga yakapita pande zote mbili, nami nikakumbuka kwa nini niliwahi kuipenda kazi hii. Tulikuwa tumekaribia Bwegera, barabara inateremka kidogo kabla ya daraja dogo la mfereji. Nikataka kuuondoa mguu kwenye mafuta.

Mguu ukakataa.

Msuli wa paja ulikaza kama kamba ya kufungia ng'ombe. Mguu wote ukanyooka kama mti, na chini yake yakawa mafuta. Lori likanguruma. Juu ya karoseri nikasikia sauti ya viboko ikimtaja Yesu, Maria na watakatifu kadhaa wasiojulikana sana.

"Freni, papa! Freni!"

Nikaikanyaga freni kwa mguu wa kushoto, ule usio na mshale. Lori likatetemeka, likakata kona lenyewe, likaacha barabara, na gurudumu moja la mbele likashuka taratibu ndani ya mfereji wa mpunga, kama mtu mzima anayeingia kuoga. Bata wakaruka. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichovunjika. Maji tu yalikuwa yanapita kwenye gurudumu na kutoa sauti nzuri ya kuchukiza.

Madamu alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Alishuka, akazunguka lori kwa mbele, akaja mpaka upande wangu na kufungua mlango. Akanyoosha mkono. Nikajua ni funguo. Nikazichomoa, zikanililia mkononi, nikampa.

"Sitaki hiyo," akasema. "Patia minye mguu."

Mguu?

Mguu. Nikaugeuza nje ya mlango, bila kiatu, ukiwa umelegea sasa, hauna hata kidole kinachojitegemea. Madamu akaushika kisigino kwa mikono miwili, akaunyanyua. Akaushusha. Akaunyanyua tena, uso wake ukabadilika kabisa.

"Yesu," akanong'ona. "Iko nzito kweli."

Akaupima mwingine. Ule nilikuwa bado naukaza kwa woga, ukanyanyuka kirahisi. Akarudi kwenye wa kulia, akatikisa kichwa.

"Papa, unisamehe. Ulichora ku ukuta, minye nikacheka." Akageukia karoseri, ambako kapita alikuwa amechungulia, kofia ya sufu imegeuka kisogoni. "Kapita! Kuanzia leo shofere hagusi gunia. Hata moja! Hata ya chumvi! Wabebaji bote barudi kesho asubuhi, bote."

"Bote, Madamu?"

"Bote! Unataka bantu bakufe?"

"Hapana, Madamu," akasema kapita kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena. "Sitaki bantu bakufe."

Madamu akarudisha funguo kiganjani mwangu, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili, akaenda kwa miguu Bwegera kutafuta watu wa kutusukuma. Nilimtazama akienda katikati ya mashamba ya mpunga, nikajisikia mkubwa kuliko lori. Nilikuwa nimebaki na kiti changu. Tena sikubaki nacho kwa kuombewa au kwa kulia, nilibaki nacho kwa sayansi.

Kapita alishuka, akakaa karibu yangu ukingoni mwa mfereji na kuingiza miguu majini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani ni hofu bado, nikamshika mgongo kumtuliza, na hapo nikaanza kumweleza mipango. Nilimwambia mchoro ule hautafutwa. Nitauchora upya kwa rangi ya mafuta. Nitazunguka depo zote, Mulongwe, Kimanga, Kalundu, nitawafundisha madereva wa Uvira nzima, na nikimaliza nitavuka mpaka niwafundishe wa Bujumbura. Na Jumatatu nitampelekea mwalimu wangu wa fizikia, aone mwanafunzi wake amefika wapi, labda auweke kwenye masomo.

Mabega ya kapita yaliacha kutikisika. Alinigeukia, akanitazama kwa muda, ndugu kwa ndugu, kisha akavua kofia ya sufu, akajifuta machozi nayo. Hayakuwa machozi ya hofu.

"Ndugu yangu," akasema, "mwalimu usimwendee. Uzito haishuke popote. Ile mambo tuliitunga siye wabebaji, kitambo sana, ili bashofere basitunyang'anye kazi. Na weye, ulibeba simenti tangu asubuhi, halafu ukaenda kuendesha. Ulichoka tu."